Neno Nililowachagulia Watu wa Kambini

Kiingereza ndicho kilichonitoa kambini, na miaka mingi baadaye ndicho kilichomtoa mama yangu. Tofauti ni kwamba mimi nilitoka na sanduku la shule huku watu wakinipungia mikono, na yeye alitoka na godoro na karatasi ya notisi.

Kwa Kiswahili hatukuwahi kusumbuka kujiita. Tulikuwa watu wa kambini, basi. Mtu akikuuliza sokoni Korogwe unatoka wapi, unamjibu kambini, naye anaelewa palepale: zile nyumba za mstari, ukuta mmoja familia mbili, zilizojengwa kwa ajili ya wakata mkonge, na ng'ambo ya mtaro kijiji cha Wazigua. Shamba lenyewe silitaji, na wala usijisumbue kulitafuta.

Babu yangu mzaa mama aliletwa kutoka upande wa Tabora angali kijana, kipande kwa lori, kipande kwa miguu. Kabla hajapewa panga la kukatia mkonge alipewa namba, na kwa sababu ya zile namba yeye na wenzake wakaitwa manamba. Kwa hiyo hata jina letu la kwanza tulipewa na watu waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza, ila sisi tulilivaa mpaka likatukaa. Mama alizaliwa kambini, akaolewa kambini, akafanya kazi ya kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, mpaka kiwanda kiliposimama, akamzika baba yangu kwenye makaburi ya kambini nyuma ya kiwanda. Tabora hakuwahi kufika. Siku moja nikiwa darasa la sita alishika atlasi yangu akaniomba nimwonyeshe ilipo, nikamwonyesha kwa kidole, akasema kumbe ni mbali hivyo, akarudi kwenye maharage yake.

Ng'ambo ya mtaro aliishi mzee mmoja wa Kizigua, mkulima wa mahindi na machungwa, ambaye mke wake alitoka Kwedizinga. Huyu alikuwa mtani wa mama. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zamani, na wale wawili walikuwa wakiufanya utani wao kama kazi ya kuajiriwa. Asubuhi mzee alisimama upande wake wa mtaro akapiga kelele kwamba wageni wake wameamka, na je, wameshafunga mizigo? Mama alimjibu kwamba atafunga mizigo siku mzee atakapojifunza kuoga. Nilikua nikisikia matusi hayo kabla ya chai.

Baba alipofariki, mzee yule alilala chali katikati ya njia, mbele ya jeneza, akasema mgeni wake hapiti mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka wakiwa bado na machozi. Mama akatoa jogoo. Mzee akainuka, akajipangusa vumbi, akashika jembe, na kaburi lile alilichimba yeye zaidi ya ndugu zetu wote. Huo ndio utani ninaousema. Anayekutukana msibani ndiye anayechimba. Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu kuna mahali nilipaswa kuyaeleza nikanyamaza.

Nilisoma, nikawa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari Handeni mjini. Nikajenga huko, nikaoa huko. Kambini nilikwenda sikukuu na misiba. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, nilisema Korogwe, nikaishia hapo. Sikuwa nasema uongo, lakini nilijua ninachokificha. Kambini kwetu choo kilikuwa kimoja kwa nyumba nane, na walimu wenzangu walikuwa wana wa makarani na masheikh.

Kisha shamba likapata mwekezaji mpya. Alitaka kupanda mkonge upya na kujenga kiwanda kipya, na kiwanda kilitakiwa kukaa pale pale zilipo nyumba za kambi na pembeni kidogo mwa kijiji. Waliomkopesha walikuwa ng'ambo, nao walitaka kwanza ripoti ya kuonyesha ni akina nani wanaishi pale na wafanyiwe nini. Ripoti iwe ya Kiingereza. Ofisi moja ya Dar es Salaam ikapewa kazi hiyo, ikamleta mtaalamu, mama wa kizungu asiyejua Kiswahili zaidi ya asante, na ikawa inatafuta mtu wa kumtafsiria mkutano na kumwandikia muhtasari. Mkuu wangu wa shule akanipendekeza.

Kijana wa ile ofisi alinipigia simu. Akaniuliza kama nina ndugu katika eneo la mradi, kwa sababu utaratibu wao haukuruhusu mtafsiri mwenye ndugu humo.

Nikasema sina.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Njaa haikuwepo. Nilitaka jina langu lichapwe kwenye kitabu cha Kiingereza, huo ndio ukweli, na ni aibu kuuandika mtu mwenye mvi. Miaka yote nilikuwa nafundisha watoto kwa vitabu vilivyoandikwa na wengine. Nilitaka niwe mahali fulani ndani ya ukurasa. Nikajiambia pia kwamba ni heri awe mtu wa kwetu kuliko mgeni, nitawasaidia watu wangu kutokea ndani. Hiyo nayo niliiamini kwa siku kadhaa.

Mkutano ulifanyika asubuhi kwenye uwanja wa mbele ya kiwanda kilichokufa. Watu wa kijijini walikaa kushoto, watu wa kambini kulia, na katikati meza yenye kitambaa. Nilifika na gari la wataalamu, nimevaa shati la mikono mirefu, nimeshika daftari. Mama alikuwa safu ya pili. Aliponiona akaanza kuinuka na uso wake ukafunguka. Nikageuza macho. Nilimtazama mzungu, nikamtazama mtendaji wa kijiji, nikatazama kalamu yangu.

Mama hakuwa mjinga. Alikaa chini taratibu, akatengeneza khanga yake. Ilipofika zamu ya kusalimiana, aliupokea mkono wangu kama walivyoupokea wengine, akasema, "Karibu mwalimu."

Majirani zake walimwangalia yeye, wakaniangalia mimi, na hakuna aliyefungua kinywa. Watu wa kambini walinisitiri wote, mtu mzima mpaka mtoto. Walidhani nina mpango. Walidhani nimejificha ili niwapiganie.

Mzungu aliuliza swali lake: hawa wa kulia ni akina nani, na wana uhusiano gani na mahali hapa? Mzee mmoja wa kambini akaeleza vizuri, kwa utulivu, kwamba wamezaliwa pale na wazazi wao wamezikwa pale. Nikatafsiri. Kisha mzungu akasema angependa kusikia upande wa pili, mtu wa kijijini, mwenyeji, asiye na maslahi na kambi. Mtani wa mama akasimama. Alikuwa amevaa kofia yake ya Ijumaa na nilijua, nikimwona tu anavyokohoa, kwamba siku ile asingeweza kujizuia. Mkutano mkubwa, wageni, watani wake wote wamekaa mstari mmoja.

"Mwambie mgeni wetu asisumbuke," alisema. "Hawa ni wageni wangu. Wameletwa juzi kwa lori, vumbi bado liko miguuni. Hata mahali pa kuteka maji niliwaonyesha mimi. Siku nikiwachoka nitawarudisha kwao Tabora."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko, pande zote mbili. Mama akainuka bila kuombwa. "Utatangulia wewe kufa," akamwambia, "na sisi wageni ndio tutakaokuzika, maana ndugu zako wanaogopa maiti." Kicheko kikazidi, mtendaji mwenyewe akafuta macho. Mzungu akainama kwangu akaniuliza kwa nini wanacheka. Nikamwambia wazee wa huku ni wachangamfu.

Maneno ya mzee nikamtafsiria kama yalivyo. Yeye akaandika.

Likizo ilipoanza nilikaa katika ofisi ya walimu, peke yangu, mchana, nikaandika muhtasari kwa Kiingereza. Nilikuwa na kamusi mbili na orodha niliyopewa na ile ofisi, ya maneno yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa unapotaja kundi la watu. Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia ile, nakiri. Kulikuwa na sehemu moja ya kujaza ambayo ilitaka neno moja la kuwaita watu wa kambini, na neno hilo lingetumika ripoti nzima.

Nilianza na "people". Nikaliona jepesi mno, kila mtu anaitwa hivyo, hakuna usomi ndani yake. "Tribe" lilikuwa kwenye orodha ya makatazo. "Natives" lilinuka ukoloni. "Labourers" lingefaa, lakini kiwanda kilikuwa kimesimama miaka na hakuna aliyekuwa akikata mkonge. "Squatters" nilijua ni tusi, ni wavamizi kwa adabu ya Kiingereza, nikajisifu kwa kulikataa. "Residents" lilinipendeza, lakini nikaogopa mtu ataniuliza hati za makazi. "Community" mzungu alikuwa ameshawapa watu wa kijijini, nami nikaona vibaya kuwapa wawili neno moja, kama vile mwanafunzi aliyekosa msamiati.

Nikarudi kwenye maneno ya mzee. Wageni. "Guests" lilikuwa la harusini. "Strangers" lilikuwa la kutisha. "Foreigners" lilikuwa uongo. Kisha nikakutana na "migrants". Lilikuwa safi, la kisasa, la kwenye redio, halimtukani mtu wala halimsifu. Nikaliandika. Nakumbuka niliegemea kiti nikalitazama kama fundi anayetazama mlango uliokaa sawa kwenye fremu.

Kicheko nilikiandika kwanza, kwamba baada ya maneno hayo watu walicheka. Nikasoma tena, nikaona kinaharibu heshima ya muhtasari, nikakifuta. Jibu la mama sikuliweka kabisa. Kwa Kiingereza lilionekana la kihuni, mwanamke mzee anamtakia mzee mwenzake kifo mbele ya serikali.

Na utani? Nilifikiri kuweka maelezo chini ya ukurasa. Niliyaanza hata, mistari miwili. Ila kuueleza utani wa wale wawili ilinipasa kueleza nimeujuaje, na kwamba jogoo yule alikuwa wetu, na aliyelazwa kwenye jeneza alikuwa nani. Nikafuta mistari miwili. Hapo ndipo nilipomuuza mama yangu, kama unataka mahali penyewe. Uwanjani palikuwa pa majivuno tu. Pale ofisini nilikuwa peke yangu, mchana kweupe, na nilikuwa na muda wote duniani.

Mtani wa mama alipelekewa maneno yake kwa ajili ya kuweka dole gumba. Aliyempelekea alimsomea kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo yalivyoandikwa, mzee akauliza kama ni yale aliyosema uwanjani, akaambiwa ndiyo. Akaweka dole.

Ripoti ilipotoka, ofisi ilinitumia nakala. Niliifungua kutafuta jina langu. Halikuwepo. Kwenye ukurasa wa shukrani niliandikwa "a local translator", na hapo tu. Nilisimama nayo mkononi nikisoma neno lile. Mimi nilikuwa mtu wa hapa. Mama aliyenizaa pale hakuwa mtu wa hapa. Tumetoka nyumba moja, na Kiingereza kimetuweka kurasa mbili tofauti, na aliyeshika kalamu ni mimi.

Nikasoma mbele. Watu wa kijijini waliokuwa pembeni, hao "community", walikuwa na asili na ardhi. Wapimiwe viwanja kwingine, na makaburi yao yahamishwe kwa heshima. Watu wa kambini, hao "migrants", walifuata kazi na kazi imekwisha. Wapewe notisi, na watakaopenda wasaidiwe usafiri wa kurudi kwenye maeneo yao ya asili. Chini yake ikanukuliwa sababu: mzee mwenyeji wa kijiji jirani, asiye na maslahi, amethibitisha kwamba wameletwa karibuni, na ameeleza nia ya kurudishwa kwao Tabora.

Notisi ilibandikwa kwenye mlango wa kiwanda. Maneno yaliyokwenda kama Kiswahili, yakawa Kiingereza, sasa yalirudi Kiswahili, lakini si yale yaliyokwenda. Tulikwenda wageni, tukarudi wahamiaji. Kule kwetu neno hilo watu wanalisikia kwenye taarifa ya habari tu, na kila mara limefuatana na neno haramu. Vijana wawili walikimbia siku ile ile, wakidhani polisi wanakuja. Mama alinipigia simu, akaniuliza kwa upole kama karatasi ile ni ule mpango wangu au mpango bado unakuja.

Nikasema nitafuatilia.

Siku ya tatu yule mzee, mtani wa mama, akaja Handeni. Alikuja na basi la asubuhi, akauliza shule ilipo, akanikuta chini ya ukuta wa maabara nimeshika chaki. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Alikuwa ameshakwenda ofisi zote kueleza kwamba alikuwa anataniana na watani zake, akaonyeshwa dole lake mwenyewe kwenye karatasi. Mmoja wa maofisa alimwambia kwamba utani anaufahamu vizuri, hata yeye ana watani, lakini ripoti imeshapokelewa ng'ambo na huko hawaujui.

"Yule mama wa kizungu hakujua," mzee aliniambia. "Simlaumu. Wewe ulijua."

Nikaanza kumweleza habari za orodha ya maneno, na utaratibu wa ile ofisi, na jinsi "squatters" lilivyo baya zaidi. Mtu anayezama hushika chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama katika hicho Kiingereza chote hakuna namna ya kuandika kwamba watu walicheka.

Nikamwambia ipo.

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kungoja basi la kurudi, na alikataa soda niliyomnunulia.

Niliandika barua. Niliandika nzuri, kurasa nne, Kiingereza changu chote kiko mle, na safari hii nilieleza kila kitu: utani, jogoo, kaburi la baba, mimi ni nani na nilidanganya nini. Niliwaita watu wa kambini kwa neno jipya, "families". Nilitumia siku nzima kulipata. Jibu la ofisi lilikuja kwa barua pepe baada ya wiki kadhaa, na lilikuwa neno moja, "Noted". Yaani wameiona. Nikasikia baadaye kwamba mtafsiri aliyekiri kudanganya hawezi kuaminika, kwa hiyo barua yangu nayo haikuwa na uzito. Hapo walikuwa na haki.

Mabati yalianza kung'olewa kabla mvua za vuli hazijatulia. Familia nyingine zilikwenda kukodi mashamba Kerenge, nyingine kwa watoto wao Tanga na Dar es Salaam. Lori la kwenda Tabora lilikuja kweli, likasimama asubuhi nzima pale uwanjani injini ikiunguruma, na hakuna aliyepanda. Dereva aliuliza mnakwenda au hamwendi, watu wakamtazama tu. Mzee mtani wao alisimama ng'ambo ya mtaro. Naambiwa ilikuwa asubuhi ya kwanza watu hawakumsikia.

Mama nikamchukua Handeni. Nilimpa chumba chenye dirisha, chandarua kipya, kiti cha kuegemea. Alikuwa na adabu nyumbani kwangu, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza. Alikunja shuka lake kila asubuhi kama mtu anayelala kwa watu. Aliomba ruhusa ya kuchota maji. Majirani walipomuuliza mke wangu huyu bibi ni nani, kabla mke wangu hajajibu mama alisema yeye ni mgeni wa mwalimu. Mwalimu, tena. Tangu siku ya ule mkutano hakuniita mwanangu hata mara moja, na mimi sikuwa na uso wa kumwomba.

Mara moja tu aligusia jambo lile. Alikuwa anapepeta mchele barazani, nami nasahihisha madaftari. Aliniuliza ni neno gani hasa nililowaandika. Nikamtajia. Akalijaribu mdomoni, polepole, mara mbili, akauliza kama ni neno baya. Nikamwambia si baya. Akasema basi sawa, akaendelea kupepeta. Nilitaka anitukane. Yeye aliyemtukana mtani wake kila asubuhi kwa miaka yote ile, mimi aliniona sistahili hata tusi.

Hakumaliza mwaka kwangu. Presha, walisema hospitali. Alifariki alfajiri, na kwa kuwa sisi ni Waislamu alitakiwa awe amezikwa siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshasema, si kwangu bali kwa mke wangu, kwamba anataka kulazwa karibu na mume wake. Tukakodi gari, tukaosha, tukakafini, tukafika shambani baada ya adhuhuri. Makaburi ya kambini yalikuwa ndani ya uzio mpya, mkonge mchanga umepandwa mpaka kwenye kingo zake. Mlinzi, kijana mpole, akasema hawezi kufungua bila kibali cha meneja, na ombi liandikwe kwa Kiingereza maana meneja hasomi Kiswahili.

Nikaandika nimesimama, karatasi juu ya boneti ya gari, jua likiniwakia shingoni. Kwa mara ya kwanza sikutafuta neno la kundi. Niliandika "my mother". Maneno mawili ambayo watoto wangu wa kidato cha kwanza wanayajua siku ya pili ya shule, na mimi yalinichukua maisha yake yote. Mlinzi akaipeleka. Akarudi akasema meneja amesafiri, tungoje mpaka kesho kutwa.

Tulikuwa bado tumesimama pale, jeneza ndani ya gari, sheikh akitazama saa yake, mtani wa mama alipovuka mtaro. Alikuwa amezeeka ghafla, anatembelea fimbo. Hakunisalimu. Alimwambia sheikh kwamba shamba lake la juu, lenye michungwa, halikuguswa na mradi. Wazazi wake wamelala kule, na nafasi ipo. Kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa. Aliposikia tu kwamba mtani wake amefariki Handeni alijua uzio ule hautafunguliwa, akawatuma wanawe na majembe.

Tukambeba mpaka kule. Watu waliosalia wa kambini walikuja, wa kijijini wakaja, tukamteremsha, na mzee mwenyewe aliweka fimbo chini akashuka kumpokea. Tulipomaliza kufukia na sheikh kumaliza dua, watu hawakuondoka. Kila mtu alijua kuna jambo bado. Mtani alikuwa hajasema neno la utani, na msiba wa Mnyamwezi hauishi mtani wake akiwa kimya.

Mzee alisimama juu ya udongo mbichi, akiegemea fimbo.

"Nilisema siku nikimchoka huyu mgeni wangu nitamrudisha kwao," alisema. Akagonga ardhi yake kwa fimbo, mara mbili. "Haya. Nimemrudisha."

Tulingoja kicheko. Mimi nilikingoja kuliko wote, nilikihitaji kama hewa, na hakikutoka upande wowote. Mzee akageuka, akanitafuta kati ya watu mpaka akanipata.

"Mwalimu," akasema, "hapa hakuna aliyecheka. Hilo nalo kaliandike."